Uliza Mtu wa Kwadi: rusti, razabeki na maneno mengine ya mchangani

Safari hii maswali karibu yote ni ya kwadi, zile kama pikipiki za miguu minne, na sishangai, wageni wamerudi, kule Mambrui karibu na Malindi kila jioni ni ngurumo mpaka magharibi, na vijana wengi wamepata kazi ya kuongoza misafara. Barua ndefu nimezikata, matusi nimeyatoa, lugha nimeacha kama mlivyoandika.

Shekhe, nimeanza kazi ya kuongoza wageni kwa kwadi kwenye vile vilima vya mchanga Mambrui. Kuendesha naweza, shida ni wageni wakiongea wenyewe kwa wenyewe, mara rusti, mara hupsi, mara razabeki, juzi mmoja akanambia "usipini hapa" nikaitikia tu sawa sawa. Nisaidie kabla sijaumbuka. — Kijana wa Shella, Malindi

Kuumbuka si kitu kijana wangu, ngoja siku mgeni akupigie kelele "razabeki!" na wewe uendelee kukaza mafuta. Hilo ndo tuanze nalo.

Razabeki ni kilima cha mchanga chenye kilele chembamba, upande mmoja umepanda taratibu na mchanga wake umeshindiliwa na upepo, upande wa pili umekatika ghafla na mchanga wake ni tifutifu, ukiugusa unamwagika. Sasa mtu anapanda kwa ule upande mgumu na mbio zake zote, anafika juu, hakuna kitu mbele. Hapo wengi wanafanya moja kati ya mawili, ama wanaruka na kutua vibaya, ama wanashika breki juu kabisa na kwadi inabaki imelalia tumbo pale ukingoni, tairi hazishiki chochote. Huko kulalia tumbo wageni wanakuita "hai senta". Namna ya kupanda ni hii: nenda kwa mshazari, ukikaribia juu punguza, geuza pua ifuate kilele, chungulia upande wa pili una nini, kisha ndo ushuke, na ukishuka pua iangalie chini moja kwa moja, ukikata upande kwadi inabiringika na wewe uko chini yake.

Kuna kitu wageni waliozoea Glamis, yale majangwa ya mchanga kule California, hawakitegemei wakija kwetu, nacho ni jua. Sisi tuko karibu na ikweta, saa sita mchana jua limekaa utosini, vilima havina kivuli hata kidogo na vyote vinaonekana bapa, ukingo huuoni mpaka tairi ya mbele imeshaupita. Kwa hivyo mwenye kampuni akikwambia toa watu saa saba, mwambie saa kumi, akikataa basi nenda nao mwendo wa kinyonga. Asubuhi ni bora zaidi maanake umande unakuwa bado umeshika mchanga. Na usiamini njia ya mwezi uliopita, kusi ikiingia baada ya kaskazi upepo unageuka na vilele navyo vinabadilika, pale ulipopita Januari ukipita Julai na macho yamefungwa utajuta.

Katikati ya vilima utakuta pia shimo la mviringo lililochimbwa na upepo, wao wanaliita jicho la mchawi. Kuingia ni sekunde moja, kutoka mnaitana.

Rusti ni ule mchanga unaorushwa na tairi za nyuma ukikaza mafuta. Ukimrushia mwenzako usoni umem-rusti, na huo ni ushenzi hata kama wanacheka. Hupsi ni matuta madogo yaliyofuatana, puu puu puu, ambayo hutengenezwa na magari yenyewe kwa kupita pale pale kila siku, ukiyakuta simama juu ya vikanyagio, magoti yakunje kidogo, makalio nyuma, na kwadi iache icheze chini yako. Kupini ni kubana mafuta mpaka mwisho na kukaa hapo hapo. Kwa hivyo yule mgeni alikuwa anakwambia usifungulie yote, na kama mlikuwa karibu na kilele alikuwa sahihi.

Bado mawili. Padoli ni tairi za nyuma zenye makasia, zinachota mchanga badala ya kuukanyaga, kwenye mchanga zinapepea lakini kwenye lami au mawe ya matumbawe utazimaliza kwa wiki. Wipu ni ile fimbo ndefu yenye bendera nyuma ya kwadi. Wengi huku wanaiona urembo na wanaing'oa kwa sababu inapiga matawi, lakini kazi yake ni kuonekana kabla hujafika kileleni, aliye upande wa pili aone bendera inapanda ajue kuna mtu anakuja. Kule Glamis ni sheria, bendera iwe futi 8 kutoka ardhini. Huku hakuna anayekuuliza, ila mimi msafara usio na bendera siuongozi.

Mimi ni fundi wa tairi Maweni. Jamaa aliniletea kwadi nikajaza upepo 28 kama gari ndogo, kesho yake akarudi mkali anasema nimetaka kumuua. Kosa langu liko wapi? — Fundi, Maweni

Kosa liko hapo kwenye 28 fundi wangu. Tairi ya kwadi ni kubwa na nyembamba ukutani, upepo wake wa kawaida ni kama 4 mpaka 6, kutegemea modeli, na namba imeandikwa kwenye kibandiko kwenye bodi. Ukiipa 28 inakuwa ngumu, inadunda kila jiwe, breki hazishiki na tairi yenyewe inaweza kupasuka wakati wa kujaza, uso wako ukiwa pale pale. Kwenye mchanga ndo wanashusha hata zaidi ili tairi ijitandaze, wenyewe wanasema "kueya dauni", na wanaotaka kushusha sana wanafunga rimu za bidloki, zile zenye pete ya bolti inayoshika mdomo wa tairi usichomoke.

Shida kubwa ya magereji yetu ni geji. Hii geji ya lori mliyonayo ikisoma 5 huwezi kujua ni 3 au ni 9, mshale wala haujaamka. Tafuta geji ya upepo mdogo, utapata wateja wote wa kwadi kutoka Casuarina mpaka Mambrui maanake wenzako hawana.

Mwanangu ana miaka kumi na miwili, anataka birthday yake akaendeshe kwadi. Mara anasema ATV, mara UTV, mara saidi-bai-said, mimi sielewi ni kitu kimoja au vitatu. Na je, ni salama? — Mama, Barani

Mama, ATV na kwadi ni kitu kimoja, unakaa kama umepanda punda, usukani ni wa pikipiki. UTV na saidi-bai-saidi nazo ni kitu kimoja, viti viwili au vinne vimekaa kama gari, usukani wa duara, mikanda, na juu kuna mabomba ya kukinga ikipinduka. Hizi ATV zamani zilikuwa na miguu mitatu, Honda walianza kuziuza 1970, zilikuwa zinapinduka kiasi kwamba mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali ya Marekani waache kuuza mpya, mpaka leo ukiona ya miguu mitatu jua ni mzee mwenzangu. Ya miguu minne Suzuki ndo walioitangulia mwanzo wa miaka ya 1980.

Kuhusu salama nakujibu bila kuzunguka. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema mtoto chini ya miaka 16 asiendeshe kabisa. Zipo kwadi ndogo za watoto, cc 50 mpaka 110 hivi, zina kidhibiti cha mwendo, lakini hapa kwetu mara nyingi mtoto anapewa ile ile ya baba yake ya 250 au 400, uzito wake kilo mia mbili na ushee, na yeye ana kilo 35. Mtoto hawezi kuihamisha kwa mwili wake, na kwadi inaendeshwa kwa mwili. Kama ni lazima birthday iwe na injini, mkodishie saidi-bai-saidi, miguu yake ifike chini vizuri, mkanda afungwe, dereva awe mtu mzima asiyetaka sifa. Keki mtakula jioni.

Mimi ni mtu wa boda miaka mingi, juzi rafiki akanipa kwadi nikaona kama mkokoteni, inataka kwenda moja kwa moja tu, kona haikati. Na kwa nini mafuta yanabanwa kwa dole gumba na sio kuzungusha mkono? — Boda wa Gede

Kaka, wewe ndo mtu hatari zaidi kwenye kwadi, kuliko hata mtu ambaye hajawahi kupanda chochote, na nakwambia kwa heshima. Boda unailaza kwenye kona, kwadi hailali, ina miguu minne. Kwenye kona mwendo unaisukuma nje, na wewe kwa mazoea ya boda unakaa wima katikati, inaanza kunyanyua mguu wa ndani. Kwadi nyingi za michezo ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, hakuna difu, tairi zote mbili za nyuma zinazunguka sawa, kwa hivyo ili ikate kona, tairi ya ndani lazima iteleze kidogo. Inateleza ukitoa uzito juu yake. Wewe sogea mbele kidogo, telezesha kalio upande wa ndani wa kona, bega lishuke kwa ndani, kikanyagio cha nje ukandamize, kisha mpe mafuta kidogo, utaona inageuka kama uliyoiomba.

Dole gumba ni kwa sababu ya matuta. Kwadi ikikurusha nyuma na mkono wako umeshika mafuta ya kuzungusha, mkono unarudi nyuma na wewe, mafuta yanafunguka zaidi, inakurusha zaidi. Kwa dole gumba ukirushwa dole linaachia. Ndo maana pia zina ule uzi mwekundu wa kufunga mkononi, ukidondoka uzi unachomoka injini inazima, ufunge, usiuweke mfukoni.

Sasa sikiliza lile ambalo linavunja miguu ya watu wa boda. Kwadi ikitaka kupinduka wewe utashusha mguu chini, umezoea. Usishushe. Tairi ya nyuma iko hapo hapo nyuma ya mguu wako na itaupanda. Miguu ikae juu ya vikanyagio hata moyo ukikwambia vingine.

Na ile siti ndefu umeiona ukafikiria abiria. Ni ndefu ili dereva asogee mbele akipanda mlima na arudi nyuma akishuka, wala si ya kubebea mshikaki. Ukimweka mtu nyuma na kupanda kilima inanyanyua pua, wili inakuwa ndefu mpaka inakurudia mgongoni, hiyo wenyewe wanaita kuluupu auti, na ile ya kupindukia mbele wanaiita endo. Zote mbili mwisho wake chuma kiko juu na wewe uko chini.

Tulienda Marafa kwa msafara wa kwadi, njiani tukakutana na kundi lingine, kiongozi wao akaninyooshea vidole vinne, aliyefuata vitatu, wa mwisho akanionyesha ngumi. Nilidhani ananitisha. Ni nini hiyo? — Dada wa Muyeye

Alikuwa anakwambia hakuna mtu nyuma yake, pole. Vidole ni hesabu ya waliobaki nyuma ya mtu huyo, vinne maana yake wako wanne bado wanakuja, usijitupe katikati ya barabara. Ngumi maana yake mimi ndo wa mwisho. Inafanywa kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia uko kwenye mafuta. Ile barabara ya Marafa ni ya vumbi jekundu na kona zake zina vichaka, hii ishara ya vidole inafaa kuliko honi.

Wa mwisho anaitwa swipu, na mimi nina neno na kampuni za hapa Malindi juu ya hili. Mnampa swipu yule mgeni wa kazi, yule mwenye mshahara mdogo, eti kiongozi ndo mkubwa. Iwe kinyume. Wa mbele anajua njia basi, wa nyuma ndo anayekuta aliyekwama, aliyedondoka, aliyeishiwa mafuta, ndo anatakiwa awe na winchi, maji, na kichwa. Na kwenye vumbi msikae mkia kwa mkia, acheni mpaka mwone barabara, na kila mtu kwenye njia panda amngoje aliye nyuma yake mpaka amwone kwa macho ndo aendelee, hivo hakuna anayepotea.

Nilivuka mkono wa maji pale mdomoni mwa mto Sabaki, kwadi ikazimika katikati, nikasukuma nikapiga stata mara nyingi ikagoma, sasa imefunga kabisa. Rafiki anasema "haidroloki". Ni ugonjwa gani? — Msomaji, Gongoni

Ni maji ndani ya silinda, ndugu. Pistoni inasukuma hewa ikabanika, maji hayabaniki, kwa hivyo ukilazimisha stata kitu kingine ndo kinapinda, mara nyingi konrodi. Ikizimika majini haipigwi stata hata mara moja. Unaisukuma nchi kavu, unatoa plagi, ndo unapiga stata na plagi ikiwa nje, maji yanaruka yanatoka kwa tundu la plagi (uso weka mbali). Eya klina unaikausha, oili unaiangalia, ikiwa rangi ya chai ya maziwa maji yameingia, imwage, weka mpya, iache ingurume kidogo, imwage tena. Kwadi yako kama ni ya mkanda, zile za CVT, hata injini ikipona mkanda ukilowa unateleza, injini inalia lakini haiendi, kuna plagi ndogo ya chini ya boksi la mkanda unafungua maji yatoke.

Wale walioweka snokeli, yale mabomba marefu ya kupandisha pumzi ya injini juu, wanapita maji marefu kuliko wewe, usiwaige. Na maji ya pale yana chumvi maji yakijaa, hata kama umepita salama ukifika nyumbani osha na maji ya bomba, breki, beringi, rejeta, waya, usilale kabla hujaosha. Mimi binafsi pale mdomoni siendi na kwadi kabisa, kuna viboko na kuna ndege wengi wanaokuja kupumzika, kelele zetu ndo haziwafai.

Tunaoishi ufukweni Watamu tumechoka na kwadi usiku. Mnaandika misamiati ya kupini na kurusti, mmewahi kuandika juu ya kasa? — Mkaazi, Watamu

Swali la haki na nalichapisha lote. Kasa anapanda ufukweni usiku kutaga, anachimba juu ya mstari wa maji makuu pale mchanga mkavu unapoanza, anaacha mayai mara nyingi zaidi ya mia, na yanakaa karibu siku 60 chini ya mchanga. Kwadi ikipita juu inaukandamiza mchanga, na mchanga mzito watoto hawaupasui. Wakitoka wana urefu wa sentimita tano hivi, wanaelekea kwenye mng'aro wa bahari, wanakutana na alama ya tairi iliyozama, kwa mtoto wa kasa huo ni mfereji, anaufuata kwa urefu badala ya kuuvuka mpaka kaa au kunguru anampata, au jua linampata.

Kwa hivyo kwa wenzangu wa kwadi: usiku ufukweni msiende, wala msiwashe zile taa za LED za kutazama Unguja. Mchana kama mmeruhusiwa kupita, piteni mchanga wa maji, ule mgumu ambao maji yakijaa yatafuta alama zenu, maji yakiwa yamejaa msipite maanake njia iliyobaki ni ya viota. Vijiti na vibandiko mkiviona pale Watamu ni vya watu wa Local Ocean Conservation wanaolinda viota, zungukeni mbali. Na wewe mkaazi, kampuni inayokusumbua andika namba za kwadi na saa, upeleke kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, usibishane na vijana, hao wametumwa.

Mgeni kaniita "skwidi". Ni ngisi ama ni tusi? — Kijana, Ngomeni

Tusi. Ni mtu anayepini bila kofia ngumu, amevaa kandambili, hajui kona. Ulikuwa umevaa kandambili?

"Yadi selo" ni nini? Nilisikia baada ya rafiki yetu kuanguka. — Msomaji, Mtangani

Mtu akianguka vibaya vitu vyake vinatapakaa, miwani huku, simu kule, kiatu juu ya kilima, kama mtu ameanika mitumba auze. Wanasema baada ya kuhakikisha mwenyewe ni mzima, kabla ya hapo haichekeshi.

Kuna mzungu pale ana kwadi kuukuu inalia kama nyuki, anaiita Banshee, anakataa kuiuza kwa bei yoyote. Ina nini? — Dalali, Malindi mjini

Ina injini ya Yamaha ya 350, silinda mbili, ya mafuta ya kuchanganya, ilianza kuuzwa 1987 na watu wa mchangani wanaipenda kuliko watoto wao kwa vile inapokea ghafla na ni nyepesi. Marekani waliacha kuiuza 2006. Hatakuuzia, kaka, lakini muulize kama anataka spea, hapo ndo kuna hela.